Adoni, modi na plagini: mchezo gani wa mtandaoni utakufaa?

Anayechagua mchezo mpya wa mtandaoni huangalia mengi: picha zake, bei yake, kama marafiki wamo, kama kompyuta itaumudu. Masharti ya adoni, modi na plagini, yaani nyongeza ambazo watu wa nje hutengeneza juu ya mchezo, huja kuyasoma baadaye, mara nyingi siku akaunti inapofungiwa. Naona utaratibu huo ugeuzwe, hasa kwa mchezaji anayejijua: yule ambaye wiki haiishi kabla hajataka kupanga upya vitufe, kung'arisha picha, kuongeza ramani, au kuelewa kwa nini kikundi chake kinashindwa na bosi, yaani adui mkuu, yule yule kila usiku. Mchezaji wa aina hiyo atasakinisha kitu tu. Basi na ajue mapema anasakinisha mahali gani, na wenye mchezo wanasemaje.

Hapa nalinganisha michezo minne: World of Warcraft, Old School RuneScape, Final Fantasy XIV na Minecraft. Nimeichagua kwa sababu kila mmoja una namna yake ya kuweka mpaka, na michezo mingine mingi hufuata mojawapo ya namna hizo. Guild Wars 2, Grand Theft Auto, Counter-Strike 2 na Valorant nitaigusa kwa kupita. Kipimo changu ni kimoja: je, mchezaji wa kawaida anaweza kujua, kabla hajasakinisha, kama kitu fulani kinaruhusiwa? Ukali wenyewe haunisumbui. Kampuni kali inayosema waziwazi naiheshimu kuliko ile laini inayokuacha ubahatishe na akaunti uliyoijenga kwa miaka.

World of Warcraft: mpaka umejengwa ndani ya mchezo

Fungua folda ya World of Warcraft kwenye kompyuta. Utakuta folda ndogo iitwayo Interface, na ndani yake nyingine iitwayo AddOns. Kila adoni ni folda humo: faili la .toc linalotaja jina na toleo, kisha mafaili ya .lua ambayo ni maandishi matupu. Unaweza kuyafungua kwa programu yoyote ya kuandikia ukayasoma mstari kwa mstari. Haikutokea hivyo kwa bahati. Kanuni ambazo Blizzard, kampuni yenye mchezo huu, ilizitoa mwaka 2009 zinadai msimbo wa adoni uonekane wote bila kufichwa, adoni itolewe bure, isibebe matangazo, isiombe michango ndani ya mchezo, na isielemee seva.

Lakini nguvu ya mpangilio huu haiko kwenye maandishi hayo. Adoni inaishi ndani ya mchezo na inapewa tu kile ambacho mchezo umeamua kuipa. Blizzard ikichoshwa na jambo fulani haina haja ya kumsaka mtu. Inafunga mlango huo kwenye sasisho linalofuata na adoni inaacha kufanya kazi. Kwa hiyo ukichukua adoni ya kawaida kutoka hifadhi inayojulikana, hofu ya kufungiwa akaunti ni ndogo sana. Baya linaloweza kukupata ni kwamba adoni yenyewe itakufa.

Na hufa kweli. Katika miaka ya mwanzo ya mchezo huu, uliotoka mwaka 2004, kuna mapambano ambayo maadui walirushia kikundi kizima laana. Kazi ya mganga ilikuwa kuona nani amelaaniwa, kumchagua, kisha kumwondolea. Ikaja adoni iitwayo Decursive. Mganga alibonyeza kitufe kimoja tu, tena na tena; adoni ilimtafuta mgonjwa, ikamchagua, ikateua dawa inayomfaa, ikaitoa. Sasisho la 2.0 la Desemba 2006 lilizinyang'anya adoni uwezo huo wa kuchagua mlengwa na kutoa pigo au dawa katikati ya vita. Decursive ilibaki, ila sasa kazi yake ikawa kukuonyesha nani anaumwa. Kubonyeza ni juu yako. Mwaka 2010 zamu ikawa ya AVR, iliyochora miduara na alama ardhini, ndani ya ulimwengu wenyewe wa mchezo, ili kila mtu ajue asimame wapi. Sasisho la 3.3.5 likaizima.

Hatua kubwa kuliko zote imekuja karibuni. Mwaka 2025 Blizzard ilitangaza kwamba kuanzia toleo la Midnight, adoni hazitaweza tena kuzifanyia hesabu taarifa za vita wakati vita vinaendelea. Waandishi wa WeakAuras, adoni ya kujiwekea ishara na sauti za vita ambayo wachezaji wengi wa mapambano magumu waliiona kama sehemu ya mchezo, wakasema hawataitengenezea toleo la Midnight. Upande wake Blizzard ilianza kujenga vitu hivyo ndani ya mchezo wenyewe: kifaa cha kukuonyesha ni uwezo gani uko tayari kutumika, msaada wa kukuelekeza kitufe kinachofuata, kipimo cha mapigo.

Hoja yao naielewa. Mapambano yalikuwa yanatungwa magumu kwa kuwa watungaji walijua kila mtu ana adoni ya kumsaidia, na asiye nayo akaachwa nyuma. Ila kuna watu waliotegemea WeakAuras kwa sababu nyingine kabisa: wenye uoni hafifu waliojiwekea ishara kubwa au sauti mahali ambapo mchezo wenyewe ulitoa alama ndogo tu. Hao hawakuwa wakitafuta ubora juu ya wenzao, walitaka kucheza. Kama wewe ni mmoja wao, usichague mchezo huu kwa sifa za adoni zilizoandikwa miaka iliyopita. Angalia vifaa vilivyomo ndani ya mchezo leo, maana ndivyo vya kudumu.

Old School RuneScape: orodha inayosomeka

Jagex, wenye mchezo huu, walifika mahali pazuri kwa njia ndefu. Wachezaji wengi wa mchezo huu kwenye kompyuta hawatumii programu ya kampuni. Wanatumia RuneLite, programu ya kuchezea iliyoandikwa na watu wa nje na yenye msimbo ulio wazi kwa yeyote. Mwaka 2018 kampuni ilijaribu kuizuia, wachezaji wakapiga kelele, na kampuni ikalegeza. Mwaka 2021 yakajirudia. Mwandishi mmoja alikuwa amefikia hatua za mwisho za plagini ya 117HD, inayoupa mchezo huu wa sura ya kale mwanga, vivuli na maji ya kisasa. Jagex wakamtaka asiitoe kwa kuwa nao walikuwa na mpango wao wa picha bora. Hasira ilikuwa kubwa, na ndani ya siku chache pande mbili zikapatana. Leo 117HD ipo kwenye ghala la plagini la RuneLite na mtu yeyote anaiwasha kwa kubofya mara moja.

Kilichotokana na misukosuko hiyo ndicho ninachokipenda. Kwanza, kuna orodha ya programu za kuchezea zilizokubaliwa, RuneLite na HDOS zikiwemo, na tangu mwaka 2022 kampuni imesema wazi kwamba kutumia programu isiyo kwenye orodha ni kosa. Pili, kuna maelezo ya vipengele visivyoruhusiwa hata ndani ya programu zilizokubaliwa, na yameandikwa kwa lugha ya mchezaji, kiasi kwamba huhitaji wakili. Plagini haitakiwi kukuambia usimame wapi au usisimame wapi katika pambano la bosi. Haitakiwi kukuonyesha sala gani, yaani kinga ya ndani ya mchezo, uiwashe dhidi ya shambulio linalokuja. Haitakiwi kukuhesabia bosi atapiga lini. Katika mapigano ya mchezaji kwa mchezaji, haitakiwi kukuonyesha adui uliyemgandisha atabaki ameganda kwa muda gani.

Tatu, plagini za watu wa nje hupitia mikono ya wasimamizi wa RuneLite kabla hazijaingia kwenye ghala. Msimbo wake husomwa. Mchezaji asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu amewekewa watu wa kumsomea, na jambo hilo nitalirudia nikifika kwenye usalama.

Ukiweka michezo hii miwili bega kwa bega, tofauti yake ni hii. Blizzard inakuzuia kwa kufunga mlango. Jagex wanakuambia mlango upi usiufungue, huku mlinzi akiwa amesimama hapo. Njia ya Blizzard ni salama zaidi kwa mtu asiyesoma chochote. Njia ya Jagex inatoa nafasi pana zaidi: hakuna adoni ya World of Warcraft inayoweza kubadilisha mwanga na maji ya ulimwengu mzima kama 117HD ifanyavyo.

Final Fantasy XIV: marufuku kwenye karatasi, kimya kwenye matumizi

Huu ndio mchezo ninaoulizwa sana, na ndio ambao jibu lake linanipa tabu. Masharti ya Square Enix, wenye mchezo, hayana kona: zana zozote za watu wa nje haziruhusiwi. Hakuna folda ya adoni, hakuna orodha ya zilizokubaliwa. Wakati huo huo kuna jamii kubwa ya watu wanaotumia plagini na modi kila siku bila kuguswa. Mchezaji mgeni akiwatazama anahitimisha kwamba marufuku ile ni ya maandishi tu. Hitimisho hilo ni la hatari.

Sababu ya marufuku ni ya haki. Mchezo huu unachezwa kwenye kompyuta, PlayStation na sasa Xbox pia, na wote hukutana kwenye seva zile zile. Mwenye konsoli hawezi kusakinisha kitu. Plagini ikikubaliwa rasmi, nusu ya kikundi inakuwa na macho ya ziada na nusu haina. Naoki Yoshida, mtayarishaji na mwongozaji wa mchezo, amelieleza suala hili mara nyingi. Katika tamko lake la mwaka 2022 alisisitiza kwamba zana zote zimekatazwa, na akasema timu yake itatazama ni kwa nini watu wanazihitaji ili kiolesura cha mchezo kiboreshwe.

Sasa tazama mambo matatu yaliyofuata, maana yanaonyesha mpaka halisi uko wapi kuliko masharti yenyewe.

Januari 2023 lilitoka pambano gumu liitwalo The Omega Protocol. Vikundi vikashindana kulimaliza kwanza duniani. Kikundi kilichotangulia kikaja kuonekana kwenye video kilikuwa kinatumia zana ya kusogeza kamera mbali kuliko mchezo unavyoruhusu, yaani waliona uwanja wote wakati wenzao wanaona kipande. Yoshida aliandika hadharani kwamba amesikitishwa, na kwamba yeye hawezi kuwatambua waliofanya hivyo kuwa wa kwanza duniani.

Mwanzoni mwa 2025 ikajulikana plagini iitwayo PlayerScope. Ilikuwa ikikusanya kitambulisho cha ndani cha akaunti na kukitumia kuunganisha wahusika wote wa mtu mmoja. Fikiria maana yake kwa mtu aliyehamia kwa mhusika mwingine ili aepuke anayemsumbua: plagini ilimrudishia msumbufu njia. Square Enix walisema wangetaka iondolewe na kwamba hatua za kisheria zinafikiriwa. Hapa mimi sina la kuwatetea walioitengeneza. Hata mtu anayependa plagini kupindukia anapaswa kuona kwamba hiki si kifaa cha kuchezea.

Agosti mwaka huo huo ikafungwa Mare Synchronos. Hii ilikuwa inawaunganisha wenye modi: umebadilisha sura ya mhusika wako kwenye kompyuta yako, na mwenzako mwenye plagini hiyo anakuona hivyo hivyo. Ilikuwa na watumiaji wengi, na vikundi vizima vya maigizo na sherehe za ndani ya mchezo viliitegemea. Mwandishi wake aliifunga baada ya kampuni kuwasiliana naye. Yoshida akafuata na tamko refu ambalo, kwa ufupi, lilisema hivi: modi unayoitumia peke yako, kwenye kioo chako, isiyoathiri wengine wala biashara ya mchezo, anaweza kuifumbia macho, ikianza kuonekana kwa wengine au kuumiza huduma, hapana. Alitoa mifano ya silaha za ushindi mkubwa zinazovaliwa na mtu asiyezishinda, na ya wahusika kuvuliwa nguo, jambo linaloweza kuuingiza mchezo kwenye matatizo ya kisheria.

Tamko hilo ni la busara, na nalishukuru. Lakini kufumba macho si ruhusa. Masharti hayakubadilika hata neno. Ukifungiwa akaunti kwa modi uliyoitumia peke yako, huna pa kusimama. Ndiyo maana katika kipimo changu Final Fantasy XIV unakaa chini ya michezo miwili iliyotangulia, ingawa kwa vitendo wachezaji wake wengi wa plagini wanalala usingizi. Anayetaka kuucheza ninamshauri aucheze kama ulivyo. Ni mchezo uliokamilika bila plagini, umetungwa uchezwe kwa kidhibiti cha konsoli, na kiolesura chake kinapangika vizuri kuliko watu wanavyodhani kabla hawajakaa na menyu zake. Ukiona bila modi hauchezeki kwako, pengine unatafuta mchezo mwingine.

Minecraft: mwenye seva ndiye mwenye neno

Mojang, walio chini ya Microsoft tangu 2014, wameandika katika masharti ya Minecraft kwamba modi uliyoitunga ni yako na unaweza kuigawa, mradi huiuzi na hugawi mchezo wenyewe ukiwa umebadilishwa. Kwa anayecheza peke yake kwenye toleo la kompyuta liitwalo Java, mjadala umekwisha. Weka modi mia, ulimwengu ni wako.

Ukiingia kwenye seva ya mtu, mambo yanahama. Kampuni haitakufuatilia kwa modi ya ramani; mwenye seva ndiye anayeamua. Seva moja inakubali ramani ndogo pembeni ya kioo, nyingine inakufukuza kwa sababu ramani hiyo inaonyesha wachezaji waliojificha. Modi ya kuona madini kupitia mawe inakatazwa karibu kila seva ya ushindani. Hypixel, mojawapo ya seva kubwa kabisa, ina ukurasa wa aina za modi zinazovumiliwa, kama za kuharakisha mchezo na za mapambo, na inakumbusha kwamba utumiaji wake ni kwa hatari yako mwenyewe. Kwa hiyo jibu la kama modi fulani inaruhusiwa Minecraft hulipati kwa Mojang. Lisome kwenye kanuni za seva unayoingia, na ukihamia nyingine usome upya.

Toleo la Bedrock, lile la simu, konsoli na Windows, lina mambo yake: nyongeza nyingi hupatikana kwenye soko rasmi, baadhi kwa malipo, na uhuru wa modi za Java haupo. Mwenye simu asidanganywe na video za modi za Java.

Hitaji lilelile, majibu manne

Chukua kipimo cha mapigo, kile kinachohesabu kila mwanakikundi amempiga bosi kwa kiasi gani. World of Warcraft wachezaji wamekitumia kwa miaka mingi hadharani, na sasa kampuni imekichukua yenyewe. RuneLite ina plagini ya kazi hiyo ya kutumia na kikundi chako. Guild Wars 2 kuna arcdps, programu ya nje ambayo ArenaNet, wenye mchezo huo, wanaifahamu na wameivumilia tangu mwandishi wake akubali kupunguza baadhi ya vipengele. Final Fantasy XIV ni marufuku, na ukimwandikia mtu kwenye gumzo la mchezo kwamba mapigo yake ni madogo, umejishitaki kwa mdomo wako: umekiri unacho kipimo na umemdhalilisha mwenzako kwa pamoja. Minecraft hitaji lenyewe karibu halipo.

Geukia sura na picha. Hapa mpangilio unapinduka. Minecraft ndiyo bora bila mshindani: pakiti za michoro na za mwanga ni desturi ya kila siku. Old School RuneScape inafuata kwa sababu ya 117HD. Final Fantasy XIV ina modi za kuvutia kuliko zote, na zote ziko kivulini. World of Warcraft, yenye adoni nyingi namna ile, haikuruhusu kubadilisha mafaili ya wahusika. Adoni zinashika kiolesura, yaani fremu, vitufe, ramani, mifuko.

Kwa kutenda badala yako, yaani roboti na makro za kucheza wewe ukiwa umelala, michezo yote iko upande mmoja, na sheria iko nao. Mwaka 2017 mahakama ya California iliiamuru kampuni ya Bossland, iliyouza roboti za kucheza World of Warcraft na zana za kuchiti, ilipe Blizzard zaidi ya dola milioni 8.5. Guild Wars 2 wanaruhusu makro za kitufe kimoja kwa tendo moja, basi. Aprili 2018 ArenaNet walifungia akaunti 1,583 kwa miezi sita baada ya kukagua programu zilizokuwa zikiendeshwa sambamba na mchezo.

Michezo ya kulenga shabaha, na simu

Hapa hakuna cha kupima. Counter-Strike 2, Valorant na ndugu zao havina nafasi ya plagini kwenye mechi za kawaida, na nadhani wana haki, kwa kuwa nukta moja ya taarifa ya ziada inaharibu mechi ya watu kumi. Adhabu ya VAC, mfumo wa kukamata wanaochiti wa Valve, kampuni yenye Counter-Strike na duka la Steam, ni ya kudumu na Valve wanasema haijadiliwi, wala huduma ya wateja ya Steam haiiondoi. Valorant ina Vanguard, programu ya kuzuia kuchiti inayoanza kufanya kazi tangu kompyuta inapowashwa. Mwaka 2024 imeingia League of Legends pia. Mpaka sasa unagusa hadi vifaa: Agosti 2024 Valve walianza kuwaondoa kwenye mechi za seva rasmi wanaotumia kibodi zinazowafanyia mbinu ya kusimama ghafla na kugeuza mwelekeo. Kibodi uliyoinunua dukani kihalali inaweza kukutoa kwenye mechi.

Grand Theft Auto V inagawanyika kati. Hadithi ya kucheza peke yako inavumilia modi, sehemu ya mtandaoni haivumilii. Anayetaka seva zenye modi huenda FiveM, ambayo watengenezaji wake walinunuliwa na Rockstar, wenye Grand Theft Auto, mwaka 2023.

Kwenye simu, kanuni ya kushika ni kwamba faili la mchezo lililobadilishwa ni kosa, hata likiitwa la kurahisisha tu, na zana za kulazimisha picha zivuke mipangilio ya mchezo zinaingia kapu hilo hilo. PUBG Mobile imezoeleka kwa adhabu ya miaka 10. Kwa kijana wa miaka 15, hiyo ni hadi awe mtu mzima.

Usalama, ambao masharti hayautaji vya kutosha

Juni 2023 modi kadhaa za Minecraft kwenye hifadhi za modi na plagini za CurseForge na Bukkit ziligunduliwa kuwa zimepandikizwa programu hasidi iliyopewa jina fractureiser. Ilikuwa inaiba taarifa za kuingilia kwenye akaunti, data za vivinjari na kubadilisha anwani za pochi za sarafu za kidijitali. Watu hawakuchukua modi hizo kwenye vichochoro. Walizichukua mahali panapoaminika, nyingine zikiwa za waandishi wanaojulikana ambao akaunti zao zilidukuliwa.

Ndipo tofauti za usanifu zinapokuwa na uzito kuliko tofauti za masharti. Adoni ya World of Warcraft imefungiwa ndani ya mchezo. Haina njia ya kusoma nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari. Plagini ya RuneLite ni programu yenye uwezo zaidi, ila imesomwa na mtu kabla ya kukufikia. Modi ya Minecraft ya Java ni programu kamili: inaweza kufanya karibu lolote ambalo akaunti yako ya kompyuta inaweza kufanya. Plagini ya Final Fantasy XIV nayo ina uwezo mpana, na kwa kuwa kampuni haiitambui, hakuna wa kampuni utakayemlilia. Wazazi wanaowawekea watoto Minecraft kwenye kompyuta ile ile ya kazi na ya benki, nawaomba wafungue akaunti tofauti ya mtumiaji kwa ajili ya mchezo. Haichukui muda na inapunguza madhara mengi.

Uchague upi

Unapenda kutengeneza na kubadilisha kuliko kushindana? Minecraft ya Java, kwenye ulimwengu wako au seva ya marafiki. Hutaulizwa.

Unataka mchezo wa kudumu wa mtandaoni, wenye plagini nyingi na kanuni unazoweza kuzisoma zote kwa jioni moja? Old School RuneScape kupitia RuneLite, na kama sikujua lolote juu yako, ningekupendekezea huu. Pakua RuneLite kutoka tovuti yake rasmi tu, kwa sababu tovuti za kuiga zipo na zinawinda nywila.

World of Warcraft nampa anayependa mapambano makubwa ya kikundi na asiyetaka kuwaza kuhusu kufungiwa, mradi akubali kwamba adoni anayoipenda inaweza isiwepo toleo lijalo. Guild Wars 2 inamfaa anayetaka kipimo cha mapigo na si zaidi ya hapo.

Final Fantasy XIV nampa mwenye konsoli kwanza, maana kwake mjadala huu wote haupo, kisha mwenye kompyuta aliye tayari kuucheza ulivyo. Kama tayari unatumia modi humo na huna nia ya kuacha, shika kile alichokisema Yoshida: kibaki kwenye kioo chako. Usikirushe kwenye video, usikitaje kwenye gumzo, usiingie nacho kwenye pambano la kushindania nafasi. Na ikiwa akaunti ile ina miaka yako mingi na marafiki usio na namna nyingine ya kuwapata, waombe leo mawasiliano yao ya nje ya mchezo.